Ndege Amevunjika Mguu

Mwaka ule wa hamsini na nne mume wangu Jilala alikuwa mlinzi wa kiwanja cha ndege, upande wa Songwa. Kazi yake ilikuwa kufukuza ng'ombe na ndege wa porini kabla eropleni haijashuka.

Jumanne moja eropleni ilishuka, gurudumu likapasuka, ikaserereka hadi majanini ikalala upande. Hakuna aliyetoka damu. Abiria walishuka wakijikung'uta vumbi, mmoja akililia kofia yake.

Mara akaja Tarsisi, karani wa kampuni ya ndege, na kopo la rangi nyeupe. Akalipaka jina la kampuni pale mkiani mpaka likawa halisomeki.

"Mtu wa gazeti anakuja kesho na kamera," akasema. Kisha akamgeukia Jilala. "Haya, eleza. Kimetokea nini?"

"Ndege amevunjika mguu, karani."

Tarsisi akatabasamu. Tabasamu lile sikulipenda. Akaandika, akamshika Jilala kidole gumba, akakigandamiza kwenye wino, kisha kwenye karatasi.

Kesho yake Onesmo wa gazeti akafika kwa lori kutoka Mwanza. Tarsisi akamsomea karatasi kwa sauti ya padri: ndege wa porini aligonga gurudumu, na mlinzi mwenyewe amekiri kwamba ndege huyo alivunjika mguu yeye akiwa zamu.

"Uzembe wa mlinzi," akasema. "Kampuni haina kosa. Andika jina lake, Jilala."

Uzembe ukichapwa gazetini na jina lako, nani angekuajiri tena? Si Songwa, wala Geita kwenye dhahabu. Na nyumbani tulikuwa na watoto watatu.

Nilikuwa nimemletea Jilala uji. Nikaweka kibuyu chini.

"Karani, naomba niione hiyo karatasi."

"Mama Mageni, hii si karatasi ya kufungia karanga."

"Najua. Nilisoma madarasa matatu kwa masista, na walitucharaza viboko kwa neno hili hili. Kiumbe amevunjika, chombo kimevunjika, eropleni imevunjika. Mume wangu ni Msukuma, kwake kila kitu ni a, a, a."

"Alisema kwa kinywa chake!"

"Basi huyo ndege yuko wapi? Lete hata unyoya mmoja."

"Ameliwa na mwewe. Nenda kasonge ugali wako kabla sijaita askari."

Jilala alikuwa anatazama vidole vya miguu. Unyonge ule uliniudhi kuliko Tarsisi. Nikamwita.

"Baba Mageni, litazame lori la bwana huyu. Lina nini?"

Akalizunguka polepole, kama anakagua fahali mnadani.

"Lori amechoka mguu wa nyuma," akasema. "Akienda hivi, Shinyanga hafiki."

Onesmo akainama, akaliona tairi limelegea. Akacheka mpaka akashika tumbo.

"Karani, na lori langu nalo lina manyoya?"

Onesmo akaenda mkiani mwa eropleni, akagusa rangi kwa kidole, ikamganda. Akaipiga picha rangi yenyewe.

Gazeti lilitoka na mistari minne tu. Lilisema gurudumu lilipasuka, likaitaja kampuni kwa jina lake, likasema mlinzi Jilala alikuwa amekisafisha kiwanja sawasawa. Jioni ile Tarsisi akaja kwetu kudai filimbi na koti la kazi.

"Umefurahi, mayu?" akaniuliza, akiniita mama kwa Kisukuma. "Mumeo hana kazi."

"Kazi zipo nyingi, karani. Jina analo moja." Nikamtupia koti kifuani. "Toka uani kwangu."

Mwezi uliofuata Jilala akaenda Geita. Msimamizi wa mgodi akamuuliza kama ndiye yule wa gazetini. Akasema ndiye. Akaambiwa achukue sururu aingie.

Miaka ikapita, Tarsisi akafariki, wakaniletea habari za matanga. Nikatuma pole kwa watoto wake. Kwenda, sikwenda.