Viatu vya Kusindikizia

Yensi alifika Bugwema na ramani nne, dira moja, na imani kubwa kwamba mtu mwenye vitu hivyo hawezi kupotea. Kwao Denmaki aliitwa Jens, lakini jina hilo lilifika Musoma limechoka na safari, na watu wakalipokea kama walivyoweza. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Mradi wa maji ulimleta kuchimba visima vitatu, ukampa miezi mitatu ya kujaribiana. Mwisho wa miezi hiyo aseme mwenyewe kama anabaki miaka miwili au anarudi kwao.

Ulikuwa mwaka wa themanini na saba. Sabuni ilikuwa imeanza kuonekana tena madukani, na sukari mtu aliweza kuinunua bila kuamka saa kumi za usiku kupanga foleni. Kwa hiyo watu walikuwa na nafasi ya kutembeleana, na cha kumwekea mgeni mbele yake hakikukosekana. Yensi alialikwa kila nyumba. Kula alikula, tena kwa bidii. Samaki wa sato na ugali wa muhogo alivimaliza mpaka wenyeji wakamsamehe ule ukimya wake. Tabu yake ilikuwa kuondoka.

Akisimama tu kuaga, nyumba nzima inasimama naye. Baba anatafuta fimbo, mama anajifunga kanga upya, na wote wanatoka naye hadi njia panda, wakiongea habari za ng'ombe wa watu asiowajua, kwa mwendo wa watu ambao kufika hakuwahusu. Yensi alikuwa na miguu mirefu. Alitangulia, akasimama, akawasubiri, akatazama saa. Moyoni aliumia. Alidhani wanamwona mtoto asiyejua njia, yeye aliyeichora njia ile ile kwenye ramani na kuandika urefu wake pembeni.

Waliomchanganya zaidi walikuwa Dafroza, mama mwenye nyumba aliyopanga, na wifi yake Ursula. Nyumba zao zilitengana mita mia mbili, Yensi alizipima. Jumapili moja baada ya misa Ursula alikuja kusalimia, na alipoaga, Dafroza akamsindikiza mpaka kwake. Ursula naye akaona si vizuri wifi yake arudi peke yake, akamrudisha hadi nusu ya njia. Pale nusu ya njia maneno yakanoga, wakajikuta wamefika kwa Dafroza, na safari ikaanza upya. Jioni Yensi alimwandikia mama yake barua: dakika hamsini na tano kwa mita mia mbili, na hakuna kati yao aliyekuwa hajui njia.

Kosa lenyewe alilifanya kwa Silasi. Huyu alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kisima, mtu mzima, mpole, mwenye jozi moja ya viatu vya ngozi vilivyopita mpakani Sirari bila kumsumbua mtu wa forodha. Viatu hivyo havikujua shamba wala mkutano. Alivivaa kwenda kanisani na kusindikiza wageni, basi.

Jioni moja, baada ya chakula, Yensi alimwambia kwa Kiswahili chake cha darasani, "Tafadhali, ninaomba niende peke yangu."

Silasi akacheka, kama mtu anavyocheka mgeni akisema ameshiba wakati sahani ndiyo kwanza imewekwa, akaingia ndani kuvaa viatu. Yensi akaona hii ndiyo nafasi. Akapita nyuma ya zizi, akatimua mbio kwenye mihogo, akafika nyumbani kwa dakika sita. Usiku huo alilala vizuri sana.

Silasi alitoka na viatu vyake miguuni, akakuta kigoda kitupu.

Asubuhi Dafroza alimwekea Yensi uji, akakaa karibu naye. "Yensi mwanangu, Silasi anauliza jana alikukosea nini."

"Hapana, mama. Chakula kilikuwa kizuri sana."

"Hajauliza chakula."

"Samaki pia alikuwa mzuri."

Dafroza akaona hapa hapana njia, akaenda zake kukamua ng'ombe.

Jumatano kina mama waliokuwa wakileta mawe ya kujengea kisima hawakutokea. Alhamisi hawakutokea. Hakuna aliyegoma, kila mmoja alikuwa na pamba yake ya kuchuma. Ila kwa watu wa Bugwema, mgeni aliyetoka kwa mwenyekiti bila kuaga ametoka na jambo moyoni, na mtu mwenye jambo moyoni habughudhiwi kwa habari za mawe. Unamwacha mpaka aseme. Basi zikapita siku kumi na moja, wao wakimsubiri aseme, yeye akiwasubiri waje, kila upande kwa adabu kubwa, na vyura wakahamia shimoni.

Siku ya kumi na mbili Yensi aliandika barua kwa ofisi ya mradi, Musoma. Watu wa hapa hawanihitaji, aliandika, naomba kurudi kwetu. Aliiandika mara tatu, maana mara mbili za kwanza machozi yaliharibu karatasi. Alikuwa amepapenda pale, na hilo ndilo lililomuuma.

Jumatatu lori la ushirika lilikuwa linapeleka pamba Musoma. Yensi aliomba nafasi kwa mlinzi wa ghala la pamba, akapanga kuondoka alfajiri, kimya kimya, asimsumbue mtu mwingine. Akatia barua na saa yake kwenye begi, akafungua mlango taratibu. Dafroza alikuwa uani, anachochea moto.

"Unasafiri?"

"Ndiyo, mama. Musoma."

"Na kurudi?"

Yensi akainama kukaza mkanda wa begi. Dafroza akainuka. Akafuta mikono kwenye kanga, akachukua begi, akajitwika kichwani, akatangulia.

Walipopita kwa Ursula, mwenyewe alitoka na kikapu cha kuchumia pamba, akakiacha mlangoni, akaungana nao bila kuuliza wanakwenda wapi. Mbele kidogo, Silasi alikuwa amesimama kando ya njia, nadhifu, miguu imebanana.

"Leo nimevaa mapema," alisema.

Walitembea. Silasi alieleza habari ya ndama wa mtu fulani wa Kibara, habari ndefu, na Yensi kwa mara ya kwanza hakutangulia. Ndama alipokwisha, akasema, "Mzee Silasi, siku ile nilitoka bila kukuaga. Nisamehe."

"Nilikuwa nafunga kamba tu," Silasi akasema. "Ungeningoja kidogo."

"Nilifikiri mnaona mimi sijui njia."

Wote watatu wakasimama.

"Njia?" Ursula akasema. "Njia hata ng'ombe anaijuaga. Kwani tunakusindikizaga kwa sababu ya njia?"

"Sasa ni kwa sababu gani?"

Ursula hakuwa amewahi kuulizwa swali hilo, ikabidi afikiri. "Kwa sababu ulikuja," akasema. "Mtu ameacha kwake amekuja kwako. Utamwachaje atoke kama kuku?"

Barabarani, kwenye ghala la pamba, lori lilikuwa halijafika. Waliweka begi juu ya magunia. Pamba ya watu ilikuwa inangoja shambani, kwa hiyo Dafroza alimshika mkono Yensi kwa mikono yake miwili, Ursula hivyo hivyo, Silasi hivyo hivyo, wakamwambia awasalimie wazazi. Kisha wakageuka.

Yensi akabaki peke yake, kama alivyoomba miezi mitatu yote. Hakuna aliyemwongelesha. Aliwaona wakishuka mteremkoni, Silasi akichechemea, maana viatu vya Sirari vilikuwa vimemfinya tangu vilipokuwa vipya. Upweke ukamshika Yensi, upweke ambao hakuupata hata siku aliyoshuka kwenye ndege.

"Ngojeni," akaita, akawakimbilia. "Nawasindikiza kidogo."

Hakuna aliyeshangaa. "Haya, twende," Dafroza akasema, akampisha katikati.

Walifika mpaka kwenye shimo la kisima. Ursula alichungulia wale vyura, akatikisa kichwa.

"Mawe yapo kwangu, nyuma ya choo," akasema. "Tulikuwa tunakusanya kila siku. Tulikuwa tunangoja jambo lako lipoe."

"Sikuwa na jambo."

"Sasa tunajua."

Baada ya hapo, kwa kuwa haiwezekani mtu aliyekusindikiza arudi peke yake, waligeuka wote kumrudisha ghalani. Nusu ya njia maneno yalinoga. Honi ya lori ilipolia walikuwa wamegeuka tena, na Yensi ndiye aliyekuwa akiongea, habari ya ng'ombe wa baba yake huko Denmaki, na Silasi alitaka kujua wanatoa lita ngapi.

Dereva wa lori aliitwa Kwangu, mtu wa Bunda. Alikuta begi, mwenyewe hayupo. Alipomuuliza mlinzi wa ghala, mlinzi alimwambia mzungu anasindikiza. Kwangu akapiga honi mara ya pili kutimiza wajibu, akapakia begi, akaondoka. Barua ikafika Musoma kama ilivyokusudiwa, ikalala huko siku mbili ndani ya begi, ikarudi bila mtu kuisoma.

Jumatano Kwangu alilileta begi mwenyewe, mpaka kisimani. Yensi alikuwa ndani ya shimo, pekupeku, tope hadi magotini, kina mama wakimpokeza mawe. Alipanda juu, akashukuru, akaliweka begi kivulini bila kulifungua.

"Mimi nakwenda," Kwangu akasema. "Lori nimeliacha linaunguruma, na dizeli yenyewe unaijua."

"Ngoja kidogo," Yensi akasema, akitazama huku na huku. "Nivae viatu."

Kwangu akatafuta jiwe, akakaa, akangoja.