Maswali Yaliyozidi Kuwa Rahisi

Mwezi Mei Brynn Kubicek alitoka kwenye chumba cha mtihani akitabasamu, na tabasamu hilo ndilo lililomponza. Swali la kwanza lilikuwa na mabano ndani ya mabano, akalibahatisha. La pili nalo akalibahatisha. Baada ya hapo mambo yakateremka vizuri: kujumlisha nusu na robo, asilimia kumi ya mia mbili, mpaka mwisho kompyuta ikamuuliza saba mara nane, akacheka peke yake. Mwaka wa mwisho wa sekondari hakugusa hesabu kabisa. Pale shuleni kwao waliruhusiwa kuziacha, na ni kijana gani angekataa ruhusa kama hiyo? Tena chuo chenyewe kilishawaambia wanafunzi wapya wasiwe na wasiwasi, mtihani huu haufeliwi, ni wa kuwapangia madarasa tu.

"Enhe, ilikuwaje?" baba yake, Darrell, alimuuliza ndani ya pikapu.

"Rahisi, Baba. Rahisi mno!"

Mzee yule hana kifua cha kuweka habari. Kesho yake wakulima wote waliokuja kwenye ghala la nafaka alikofanya kazi walijua kwamba binti wa Kubicek ana akili za ajabu na atakuwa muuguzi, tena si wa mchezo. Rahisi ni ghali, walisema wahenga, lakini siku hiyo wahenga hawakuwa na msikilizaji jimbo zima la Nebraska.

Agosti ikafika siku ya kupanga ratiba. Mshauri wa masomo, Bwana Pedersen, alikuwa mtu mpole mwenye tai iliyochorwa mahindi. Alitazama kompyuta yake, akamtazama Brynn, akairudia kompyuta.

"Binti, umepangiwa hesabu za chini."

"Za chini vipi? Mbona maswali yalikuwa rahisi?"

Bwana Pedersen akavua miwani. "Kwani hukuambiwa? Mashine ile inakufuata wewe. Ukipata, inakupa gumu zaidi. Ukikosa, inakushusha. Ukiona raha, ujue unazama."

Uso wa Brynn ukawaka moto. Alikumbuka saba mara nane, na jinsi alivyocheka. Aliona aibu, kisha akaona hasira, maana angeambiwa mapema angejifungia ndani na vitabu majira yote ya joto.

Ratiba sasa. Hesabu za chini hazihesabiwi kwenye cheti, lakini bila kuzimaliza huingii kemia. Bila kemia huingii uuguzi. Na kemia huanza Agosti tu, ukiikosa unasubiri mwaka. Hata hilo Brynn angelimeza, ila darasa pekee lililobaki na nafasi lilikuwa la Jumanne na Alhamisi asubuhi.

"Siwezi," alisema. "Asubuhi hizo nampeleka baba kusafishwa damu. Figo zake zimekufa, na akitoka pale hana nguvu ya kuendesha gari."

"Hakuna mwingine wa kumpeleka?"

"Mama alishahamia Omaha na mume mwingine. Ni mimi tu. La jioni je?"

"Limejaa."

"La mtandaoni?"

"Lilijaa tangu Juni."

"Nikisoma mengine, hizo hesabu nikaziweka kando?"

"Masomo yatapungua, hutahesabiwa mwanafunzi wa muda wote, na msaada wa ada utaondoka."

Kila mlango aliougusa ulikuwa na mlango mwingine nyuma yake, nao umefungwa. Chumba kilikuwa na hewa ya kutosha, lakini Brynn alijikuta analegeza kola ya shati.

"Unaweza kurudia mtihani," Bwana Pedersen alisema taratibu. "Mara moja tu. Ila usajili unafungwa leo jioni, kwa hiyo ni sasa hivi."

"Sijasoma chochote!"

"Najua, binti. Pole."

Dirishani aliiona pikapu kwenye maegesho. Darrell alikuwa amevaa kofia yake safi, mkononi bado ana plasta ya sindano za jana. Alikuwa ameahidi pai ya cheri kusherehekea ratiba. Alipomwona binti yake dirishani, akampungia kofia.

Kwenye chumba cha mtihani Bi Arlene, msimamizi, alichukua simu ya Brynn, akampa penseli na karatasi. Mabano ndani ya mabano yakaja tena. Safari hii Brynn aliyafungua moja moja, akahakiki, akabonyeza. Likaja gumu zaidi, akafurahi. Alilipigania mpaka mgongo ukalowa, akabonyeza. Likaja gumu kuliko hilo, na hakuna ugumu uliowahi kuwa mtamu hivyo. Palikuwa na mchoro, na mstari uliopinda, na kitu ambacho mwalimu fulani alikisema siku ambayo Brynn alikuwa akichezea simu. Akachagua jibu. Mashine ile hairuhusu kurudi nyuma.

Swali lililofuata alilielewa mara moja. Moyo ukampasuka. Akalijibu, akakosea, akaliona kosa lake wakati kidole kimeshabonyeza. Lililofuata likawa jepesi zaidi. Akaanza kuharakisha kama mtu anayekimbia shimoni. Nusu na robo. Asilimia kumi.

Halafu ikaja saba mara nane. Brynn aliitazama mpaka Bi Arlene akakohoa.

Darrell alimfungulia mlango kwa ndani. "Umekaa sana, mama! Nilidhani wameshakupa na ualimu. Walikutaka nini?"

"Kamtihani kadogo, Baba."

"Enhe? Kalikuwaje?"

Brynn alifunga mkanda. Aliitazama plasta kwenye mkono wa baba yake, akageukia dirisha.

"Rahisi, Baba."

"Si nilisema!" Mzee akapiga honi, watu wakageuka. "Kichwa hicho umekitoa kwangu, mama yako asijisingizie!" Akawasha gari, akaendelea kupiga honi mpaka getini.