Kichupa cha Watoto Kumi

Muuguzi mpya alikuja Jumanne saa tatu asubuhi kwa gari la ofisi ya afya. Alifungua zahanati, akapangusa benchi, akaweka kisanduku chake cha barafu mezani, halafu akakaa tu. Mimi na Rababu, mke wa mwanangu, tulikuwa tumeshafika. Mjukuu wangu Yusri, wa mwaka mmoja na miezi mitatu, alikuwa mgongoni kwangu akinivuta kitambaa cha kichwa. Tukasalimiana, tukangoja. Hakuingia mwingine. Yule kijana, Lamjadi jina lake, akaangalia saa yake mara ya tatu.

"Bibi, nisamehe. Leo tena sifungui."

Huo ulikuwa mwezi wa nne anatuambia hivyo. Dawa ya surua huja katika kichupa kimoja cha watoto kumi, na kikishafunguliwa, ukipita muda wa saa sita hakifai, kinamwagwa. Zamani hapa Tazghart hilo halikuwa neno. Siku ya chanjo tulijaa mpaka kwenye ngazi, na muuguzi wa zamani alimjua kila mtoto na ukoo wake. Sasa yeye amestaafu, vijana wetu wanaoka mikate Tunisi, wanaoa huko huko, wanazaa mmoja wanasema basi. Shule imebaki darasa moja, wa mwaka wa kwanza na wa mwaka wa sita wanatazama ubao mmoja. Ofisi ya afya mjini nayo ikatoa amri yake: wasipofika watoto wanane kwa siku, kichupa kisifunguliwe, wazazi washuke mjini.

"Na huko mjini hali ikoje?" nikamuuliza.

Lamjadi akatazama chini. "Tangu baada ya Idi wanalazwa wawili wawili kitandani. Korido imejaa."

"Kwa hiyo nimpeleke Yusri katikati ya surua akachanjwe surua?"

Mimi surua sihadithiwi. Iliingia nyumbani kwetu nikiwa mwaka wa tatu shuleni, ikamchukua mdogo wangu, ikamwacha kaka yangu na sikio moja. Mama akabaki kitandani, kazi zikawa zangu, na mwaka wa nne sikuuona.

"Karatasi yako inasema tuna watoto wangapi?"

"Chini ya miaka mitano? Watano. Kijiji kizima."

Uso ukanichoma, maana karatasi hiyo naijua ilivyoandikwa. Masika ilipokwisha alikuja binti mmoja kutoka ofisi ya afya, Ibtisamu, akipita nyumba kwa nyumba na swali lake: mna watoto wangapi? Kwetu mtoto unamwita jina, unamkaripia, unamwambia ana sura mbaya, lakini idadi ya watoto haitamkwi. Idadi huita jicho la hasidi. Mimi nilimjibu, "Hapa hamna mtoto," na Yusri amelala nyuma ya pazia. Ningeishia hapo ingekuwa nafuu. Nikachukua kinjia cha nyuma ya nyumba, nikamtangulia mlango kwa mlango: "Anakuja wa kuhesabu. Waficheni."

Nikasimama. "Nikikuletea wanane?"

"Nafungua hapo hapo. Lakini saa sita kamili lazima gari liondoke kurudi mjini."

"Rababu, kaa hapa. Huyu asiondoke."

"Nimzuieje, mama?"

"Mpikie chai. Mkorogee unga wa bsisa. Ikibidi lala mbele ya gari."

Lamjadi akacheka. Sikuwa na nafasi ya kucheka. Nikamkaza Yusri mgongoni, nikaondoka naye, ili wamwone kwamba wangu simfichi tena.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Zina, mke wa muuza mafuta ya taa.

"Nani?"

"Khaduja. Mlete mtoto, leo dawa inafunguliwa."

"Mtoto gani?"

"Huyo anayelia."

"Huyo ni paka, shangazi."

"Paka wako anaitwa Anisi, ana miezi kumi na saba, na siku ya saba nilimwogesha mimi."

Nikasikia kicheko, kisha mlango ukafunguka kidogo. Zina alikuwa na unga mikononi. "Shangazi, miezi mitatu nimembeba nikarudishwa. Mara ya nne niende nikapangwe benchini, nihesabiwe kama kondoo wa Idi?"

"Wangu huyu hapa, jua linamwona. Hesabu ianze naye."

"Wewe? Si wewe uliyekuja kutuambia tufiche?"

"Mimi huyo huyo. Nilikosea. Nawa mikono, vaa viatu."

Alinitazama kama mtu aliyeniona nimetoka nje kichwa wazi. Lakini akanawa. Akamwita jirani yake ukutani, jirani akamwita dada yake, na mimi nikaenda mlango wa pili, wa tatu, wa nne. Mmoja aliniambia mtoto ameenda kwa bibi yake, na bibi yake ndiye aliyenifungulia mlango. Mwingine alitaka kwanza amwogeshe, nikamwambia sindano haichagui ngozi safi. Wote walikuwa na miguu ya ujana. Wakitoka mlangoni walinipita wakiteremka mbio, na mimi nikabaki napanda. Goti la kushoto liliniuma, sikulipa nafasi. Kila nilipogeuka niliangalia chini kama gari bado lipo.

Mwisho nikafika kwa Hania, nyumba ya juu kabisa, yenye mkia wa samaki mkavu uliopigiliwa juu ya mlango kukinga jicho. Hania alizika mtoto wa kiume kabla ya kumpata Maysa. Watu wakasema kuna mgeni wa harusi aliyewahesabu watoto kwa sauti, naye akiwemo. Tangu hapo Maysa, sasa miaka miwili na nusu, anavalishwa matambara na nywele hazichanwi, asije akaonekana ana thamani. Barabarani hajawahi kutolewa.

"Nenda zako, Khaduja. Najua unachotafuta."

"Hania, mumeo Alhamisi anashuka sokoni?"

"Kila Alhamisi. Kwani hujui?"

"Basi surua ataileta kwenye shati lake, atamkumbatia nayo mwanawe hapo hapo mlangoni."

Nikazunguka mbele ya mlango, kutoka ukuta mpaka mtini na kurudi, Yusri akinipiga kisogo kwa ngumi zake ndogo. Kivuli cha ukuta kilikuwa kimebaki wembamba wa mkanda. Nilitaka kupiga kelele, nikajizuia. Hania ukimpigia kelele anafunga na komeo la pili.

"Na wewe wa kwako umeshampeleka?" akauliza kutoka ndani.

"Yuko mgongoni. Nakungoja wewe."

Akatoka, Maysa yuko chini ya shuka lake, miguu tu inaonekana. Tukateremka. Yeye alikwenda mbele, mimi nyuma nikishika mawe.

Zahanati ilikuwa inalia yote. Benchi limejaa, wengine wamekaa chini, Rababu ameshika birika la chai, amesimama kati ya Lamjadi na mlango kama polisi. Kichupa kilikuwa kimeshafunguliwa. Lamjadi alipotuona tunaingia alifurahi, akanyoosha kidole na kuanza kwa sauti, "Mmoja, wawili, watatu..."

"Tano machoni mwako!" wakamrukia wanawake wote pamoja, vidole vitano vimenyooshwa kukinga jicho. "Teremsha kidole hicho!"

Akakiteremsha, masikio mekundu. Akaendelea kwa macho, midomo ikitikisika. Halafu furaha ikamtoka. Alimchoma mtoto wa Zina, akamchoma wa jirani yake, akaendelea mpaka mbele tukabaki mimi na Hania. Akakiinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha.

"Imebaki ya mmoja."

Nilikuwa na haki, mnaweza kusema. Nilikuwa wa kwanza kufika asubuhi, nilizunguka kijiji kizima, na kila mtu pale angenipisha. Hania naye alishaanza kurudi nyuma.

"Mchanje Yusri," akasema. "Mimi narudi kwangu. Si riziki yetu."

Nikajua akivuka kizingiti kile hatashuka tena, si mwezi ujao, si mwakani. Mkono wangu ulikuwa umeshafungua fundo la mbeleko, Yusri yuko nusu kifuani kwangu. Rababu ananitazama, na mtoto ni wake.

"Mama?" akaniuliza.

"Mchanje Maysa," nikamwambia Lamjadi. "Haraka, kabla sijageuza maneno."

Maysa hakulia hata kidogo. Alishangaa tu watu walivyo wengi. Rababu alilia badala yake. Akanipokonya Yusri. "Mtoto wa watu umempa, wa kwako unarudi naye nyumbani! Nitamwambia nini baba yake kwenye simu?"

"Fungua cha pili," nikamwambia kijana.

"Bibi, cha pili kwa mtoto mmoja watanifukuza kazi." Alikuwa anafunga kisanduku. Akasita. "Mjini wanafungua kila siku. Panda gari."

"Korido ile siingii."

"Hutashuka. Nitakuletea sindano garini."

Tukapanda wote watatu. Kilomita arobaini Rababu hakusema nami. Langoni mwa hospitali Lamjadi alipandisha vioo vyote akaingia ndani. Garini kulikuwa tanuri. Kupitia kioo niliona kinamama wanapita na watoto waliofunikwa, mmoja macho mekundu, pua inachuruzika, akakohoa hatua mbili kutoka kwetu. Rababu akamgeuza Yusri uso upande wa pili, na mkono wake mwingine ukanishika goti, ukakaa hapo.

Lamjadi alirudi na sindano kwenye sahani ya bati, nyuma yake binti amebeba daftari. Nikamtambua, ni Ibtisamu. Sindano ikaingia. Yusri alipiga kelele mpaka bawabu akageuka, na sijapata kusikia kelele tamu kama ile.

"Jina?" akauliza Ibtisamu. Rababu akamtajia. "Nyumba?" Akamtajia. Binti akafungua kurasa, akakunja uso. "Nyumba hii niliandika haina mtoto."

"Uliandika nilichokwambia," nikasema. "Na milango mingi ilikujibu nilivyoifundisha."

Alinitazama, akamtazama Lamjadi, kalamu juu. "Kwa hiyo niandike wangapi, bibi?"

Ulimi ulikataa. Wallahi nilitaka, ukakataa.

"Usiulize wangapi," nikamwambia. "Rudi kijijini, uliza wanaitwa nani. Kila mama atakutajia mpaka mbuzi wake. Kuhesabu, hesabu wewe, ukishaondoka."

"Karatasi ina nafasi ya idadi tu."

"Nyuma yake kuna nini?"

Akaigeuza. Ilikuwa nyeupe. Akailaza juu ya boneti ya gari, akapuliza vumbi.

"Haya," akasema, "tuanze na nyumba yako. Wa kwanza anaitwa nani?"