Kabla Mpira Haujatoka

Jumatatu ile tulikuwa tumeshapoteza mechi ya tisa kati ya kumi na moja, na hakuna aliyebaki na nguvu ya kukasirika. Hata Merle Hoagland, ambaye ugomvi ndio kifungua kinywa chake, alikoroga kahawa kwanza, akapiga miayo, ndipo akaanza.

"Thelathini na moja kwa kumi," alisema. "Tena nyumbani. Mbele ya watu elfu sitini. Halafu mnaniambia nitulie."

"Hakuna aliyekwambia utulie," alisema Duane Vrana. "Tumekwambia unyamaze."

Tulikuwa kwenye mkahawa wa Lavonne, chumba cha nyuma, saa kumi na mbili asubuhi. Miaka kumi na minne sasa, kila Jumatatu ya msimu, tunakutana pale kutazama upya mechi ya mpira wa Kimarekani ya chuo kikuu cha jimbo letu. Duane huleta projekta aliyoinunua zamani ili awaonyeshe wakulima picha za mbegu za mahindi, tunaiwasha ukutani, na kila mtu anachambua nafasi yake. Duane amepewa mrushaji, yule anayepokea mpira kwanza, kisha akaurusha au akampa mwenzake akimbie nao, kwa sababu aliwahi kuwa mrushaji shuleni mwaka wa sabini na nne na hajatupa nafasi ya kusahau. Merle ana walinzi wote kumi na mmoja, kwani hakuna aliyeweza kumpunguzia. Mimi nina mstari wa mbele, wale majitu watano wanaoinama na kuwazuia wapinzani ili mrushaji asivunjwe mbavu. Hapo sina mshindani. Nimefundisha kuzuia katika sekondari ya mji huu wa Pell Creek miaka ishirini na saba, na watu wazima wenye wajukuu bado wananiita Kocha wakinikuta dukani nanunua sabuni.

Sheria zetu ni mbili. Mwenye nafasi hushika rimoti na husema kwanza, wengine hubisha baadaye. Na mzazi wa mchezaji hashiki rimoti wala hatoi neno mpaka mwanawe amalize kucheza. Hii ya pili tuliiweka baada ya baba mmoja kumpiga Duane na bakuli la sukari.

Ndiyo maana Ron Sedlak hakuwa na nafasi. Mwanawe Curtis ndiye mzuiaji wa kushoto wa chuo, namba sabini na mbili. Miaka minne Ron ameketi mwisho wa meza, kofia juu ya goti, akila mayai yake, na msimu huu akimsikiliza mtoto wake akichambuliwa kama ng'ombe wa mnada. Ni mtu wa ng'ombe kweli, anajua kunyamaza.

Na Curtis ni wangu. Nilimpokea ana miaka kumi na mitatu, mrefu, mpole, anajikwaa kwenye viatu vyake mwenyewe. Nilimfundisha kuinama, kuweka mkono mmoja chini kwenye nyasi, kutoka mahali pake akiwa chini kuliko mwenzake. Hakuvaa glavu hata kwenye baridi, maana vijana wangu hawavai glavu. Chuoni alikaa benchi miaka mitatu akingoja zamu, na huu ndio uliokuwa mwaka wake wa kwanza kuanza na wa mwisho kucheza. Tangu Septemba kila mvamizi wa pembeni, yule mpinzani anayemkimbilia mrushaji, alikuwa akimpita kama mlango ulioachwa wazi.

Nilikuwa nimeshasema tatizo ni nini. Nilisema Jumatatu ya kwanza, nikasema ya pili, na ile ya kumi na moja nikasema tena, kwa uchovu, kama mtu anayesoma tangazo.

"Ni huyu kocha mpya wa mstari," nilisema, nikasimamisha picha. "Tazameni miguu. Mguu wa nje unarudi nyuma hatua fupi fupi, fupi fupi, kama anacheza dansi harusini. Mimi sikumfundisha hivyo. Wamechukua mzuiaji mzuri wakamharibu."

"Verlin, mguu gani wewe?" alisema Merle. "Rudisha. Ona hapo. Mpira unatoka, na jamaa keshampita. Hata hatua moja mtoto hajapiga. Hiyo ni miguu au usingizi?"

"Amechelewa kwa sababu anafikiria. Wamemjaza maneno kichwani."

"Amechelewa kwa sababu hana moyo. Samahani, Ron. Mtu ana kilo mia na arobaini, anapitwa na kijana mwembamba kama fito. Mara sita. Nimehesabu."

"Mara tano," alisema Duane. "Ile moja mrushaji alikaa na mpira mpaka watu wakaoga wakarudi."

"Wewe mrushaji wako huwa hana kosa."

"Ana makosa mengi. Hilo moja si lake."

Lavonne aliingia na birika, akatutazama, akatujazia kahawa bila kuuliza kitu. Nje kulikuwa kunapambazuka juu ya mashamba yaliyokwisha kuvunwa. Nilikuwa nimechoka na msimu ule, nimechoka na Merle, na kusema kweli nilikuwa nimechoka na sauti yangu mwenyewe. Lakini tangu mke wangu Arlene afariki, Jumatatu bila chumba kile ni siku ndefu mno.

Ron aliweka uma chini. Akanyoosha mkono juu ya meza, kiganja wazi, kuelekea kwangu.

"We Ron," alisema Merle. "Sheria."

"Curtis amemaliza," alisema Ron. "Alinipigia jana. Jumamosi anaanza yule kijana wa mwaka wa pili. Curtis anakaa benchi."

Jumamosi ilikuwa mechi ya mwisho nyumbani, ile ambayo wachezaji wa mwaka wa nne huingia uwanjani wakiwa wameshikana mikono na wazazi wao, majina yanatajwa, kisha mechi inaanza. Curtis angetembea na mama yake mpaka katikati ya nyasi, halafu angekwenda kukaa. Merle alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

Nilimpa Ron rimoti.

Hakujua kuitumia, maana hakuwahi kuishika. Alirudisha picha mbali mno, akaileta mbele, akarudisha tena, na hatimaye akaisimamisha pale timu mbili zimeinama zikitazamana na mpira bado uko chini. Katika miaka kumi na minne hakuna aliyewahi kusimamisha hapo. Pale hakuna kitu. Sisi hutazama kuanzia mpira unapotoka chini kwenda kwa mrushaji. Kabla ya hapo ndipo watu huomba sukari.

"Hii tulikimbia nao," alisema Ron. Akasogeza mbele, akasimamisha tena, watu wameinama. "Hii tulirusha." Akasogeza. "Tulikimbia." Akasogeza. "Tulirusha." Kisha akaiweka rimoti katikati ya meza. "Nafasi ni yako, Kocha. Sema kwanza."

"Mimi sioni kitu," alisema Merle. "Majitu yameinama."

"Na mimi sioni," alisema Duane.

Mimi nilikuwa nimeona tangu picha ya pili. Kwenye ile ya kukimbia, vidole vya mkono wa Curtis vilikuwa vimezama kwenye nyasi, vimepinda, na mwili wote umelalia mkono ule. Kwenye ile ya kurusha, vidole viligusa nyasi tu, na makalio yameshuka. Kila mara. Mkono mzito, tunakimbia. Mkono mwepesi, tunarusha. Mkono mtupu, usio na glavu, unaonekana vizuri hata kwenye ukuta wa Lavonne.

Maneno yale niliyajua. Niliyaandika mimi kwa chaki kila Agosti, miaka ishirini na saba: uzito mkononi tukikimbia, mkono mwepesi tukirusha. Yalimpa kijana wa sekondari nusu hatua ya bure, na ligi yetu haikuwa na mtu wa kukaa na picha akitazama vidole. Nilikuwa nikijisifu kwayo. Nilimwambia Arlene kwamba huo ndio ujuzi wangu ambao hakuna aliyenifundisha.

Ningeweza kusema sioni kitu. Merle na Duane walikuwa wameshasema hivyo, na neno langu juu ya mstari wa mbele halijawahi kupingwa likashindwa. Ron hakunitazama. Alikuwa anatazama mayai yake yaliyopoa.

"Ni mkono," nilisema. Nikainuka, nikaenda ukutani, nikaweka kidole juu ya vidole vya Curtis. Nikawaonyesha, picha ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne.

Merle alikunja macho. "Kwa hiyo yule mwembamba anajua?"

"Anajua kama tunakimbia au tunarusha kabla mpira haujatoka. Akiona mkono mwepesi, hana haja ya kungoja. Anakimbia tu."

"Si usingizi, basi."

"Si usingizi. Si moyo, wala si miguu. Hata mimi ningempita."

"Sasa mjinga gani alimfundisha hivyo?"

"Mimi," nilisema.

Merle alisukuma kikombe chake kando. Duane ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya chini, kama yuko hospitalini. "Curtis peke yake?"

"Wote. Tangu mwaka wa kwanza."

Kisha nikaanza kusema haraka haraka. Nilimwambia Ron kwamba kuna dawa, tena rahisi. Unageuza kikombe cha karatasi, unakiweka chini ya mkono wa mzuiaji, anainama mara mia mbili kwa siku na kikombe kisipondeke, mpaka mkono uwe mmoja kwa kila mchezo. Nilisema chuo ni mwendo wa saa tatu, naweza kuondoka sasa hivi, Lavonne atanipa vikombe, na bado kuna siku tano.

"Chuoni waliuona Agosti," alisema Ron.

Nikashusha mkono kutoka ukutani.

"Wiki ya kwanza. Yule kocha mpya unayemtukana. Akamuuliza Curtis mbele ya wenzake nani alimfundisha. Curtis akasema amejizoeza mwenyewe. Amejaribu kuacha, Kocha. Akiufikiria mkono anasahau miguu. Yule bwana alitaka akupigie simu, muulizane namna ya kumwachisha. Curtis akakataa."

"Kwa nini akakataa?"

Ron alichukua kofia yake gotini, akaizungusha mara moja. "Aliniambia, 'Baba, usimwambie Kocha. Hana kitu kingine.'"

Birika la Lavonne lilikuwa linachemka upande wa pili wa ukuta. Nilibaki nimesimama, na picha ya projekta ilikuwa imeniangukia kifuani.

"Mimi sikukubaliana naye," alisema Ron. "Nilimwambia, Kocha ni mtu wa kazi hii, ataona mwenyewe. Nikangoja. Jumatatu kumi na moja." Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira. Aliinuka, akavaa kofia, akafunga zipu ya koti. "Ng'ombe hawajala. Jumamosi tunaondoka saa kumi na moja alfajiri. Tiketi yako ipo, kama siku zote. Curtis ametuachia tatu."

Nilimwambia nitakuja. Duane alizima projekta, akaanza kukunja waya wake polepole, na Merle akanivutia kiti, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Niliketi. Nilikuwa na aibu na nilikuwa nimechoka. Jumamosi ningekaa karibu na mama yake Curtis, nikautazama mkono wa kijana wangu umelala juu ya goti, mechi nzima, hauna kazi.