Simu Iliyofuata Kikombe

Mjukuu wangu Fabiana anajua kila kitu kuhusu wazee. Amesoma hayo chuoni. Alitutengenezea programu ya simu ya kuomba miadi ya daktari, yenye herufi kubwa kama za bango la duka, na vitufe ambavyo hata kidole cha Hebert, aliyekuwa mwashi, hakiwezi kuvikosa. Meneja wa zahanati akampa hadi Ijumaa. Wazee wa klabu yetu hapa mjini Paysandú wakishindwa kuitumia, programu inatupwa, na kazi yake imekwisha.

Jumatano Fabiana akaja klabuni mbio, uso umemwiva.

"Bibi, umefanya nini? Zahanati wamenipigia. Umeomba miadi ya meno, ya magoti, ya sukari, na..." Akashusha sauti. "Na ya tezi dume."

"Hiyo ya mwisho si yangu."

"Imeandikwa Nélida Bentancor, bibi. Ni wewe."

Hebert alikuwa anachunguza dari.

"Hebert, mwambie mtoto," nikasema.

"Simu ilinifikia, nikabonyeza. Ilikuwa zamu yangu."

Tulikuwa tunakunywa mate, ile chai yetu ya majani machungu, kama kila siku. Mwenzetu Irma anajaza maji ya moto, kikombe kinazunguka, kila mtu ananyonya mrija uleule. Simu yangu ikafuata kikombe. Kwani nani anakuja barazani na kikombe chake peke yake? Huo ni uchoyo.

Fabiana akashika kichwa. "Nilijua kila mtu atatumia simu yake. Programu nzima nimeijenga juu ya hilo."

"Nani alikwambia?"

Akaanza kupekua daftari lake.

"Umekuja hapa na maswali yako tele, na Irma kila akikupa kikombe, wewe una haraka. Ungekaa ukanywa, mke mwenzangu, ungeona."

Machozi yakamlengalenga, nami nikajuta ukali wangu. Nampenda sana yule mtoto. Nikamvutia kiti. Akanywa, akakunja uso kwa uchungu wa majani, kisha akatulia akiitazama simu inavyopita mkono hadi mkono.

Ijumaa meneja akaja, Bwana Scarone, mtu mzima mwenye mvi, tai imemkaba. Ukurasa wa kwanza sasa ulikuwa na picha za nyuso zetu na swali moja: Sasa ni zamu ya nani? Irma akagusa uso wake, akaomba miadi ya meno. Hebert akagusa wake.

"Picha imenizeesha," akalalamika.

"Usiisingizie picha," Irma akamjibu.

Hebert akaomba ile miadi yake, safari hii kwa jina lake mwenyewe, na klabu nzima ikamtakia heri.

Meneja alitazama yote hayo. Alikuwa amekunja ndita, nami nikaona kazi ya mjukuu wangu ndiyo hiyo inakwenda. Irma, asiyejali cheo cha mtu, akampa kikombe. Akanywa. Simu nayo ikamfikia. Akaisogeza mbali na macho, akaivuta karibu, akaikagua juu hadi chini.

"Mbona mimi simo?" akauliza.

Fabiana akaichukua simu, akamwambia alegeze tai ampige picha.