Jino la Bi Zulekha Kwenye Mizani ya Bucha

Usiku wa jana niliota nimeajiriwa buchani kupima uvumi kwa kilo. Sikushangaa. Nilichoshangaa ni foleni.

Mbele kabisa yupo rafiki yangu Shebe, amebeba begani kitu kikubwa kama paja la ng'ombe. Kinapumua.

"Nini hicho?" nauliza.

"Njama. Nipimie vizuri, mwanangu. Hii ndiyo iliyolipua stendi."

Tangu bomu liue watu pale stendi, watu tuliokuwa tukisalimiana nao kila asubuhi, Shebe hana wimbo mwingine. Eti wakubwa ndio walipanga, na Bi Zulekha, muuza mahamri wa geti la stendi, alidokezwa mapema. Ushahidi: siku ile hakuja. Kukicha mtaa unakwenda kumtimua.

Na huyu hapa Bi Zulekha, ananing'inia kwenye ndoano kwa kanga yake, ameshika shavu.

"Shikamoo, bibi."

Anatikisa kichwa. Mdomo haufunguki.

"Njama ikizidi uzito, mama huyu anahama," inasema mizani. Sauti ni ya mwalimu wangu wa hesabu wa kidato cha pili, nikajikuta nimesimama wima.

Naweka njama. Mshale unapita namba zote, unaanza kuonyesha saa.

"Umeona!" Shebe anapiga makofi.

"Toa mifupa kwanza," inasema mizani. "Hila ya kujazia mifupa kila muuza nyama anaijua."

Nashika kisu. Natoa "nasikia". Natoa "haiwezi kuwa hivihivi tu". Natoa "binamu yangu ana mtu wake huko juu", mfupa mrefu kutoka hapa hadi mlangoni. Mbwa wananusa, wanaondoka. Kinabaki kipande kama ukucha: siku ile hakuja.

"Hiyo ni nyama," inakubali mizani. "Kalete na ya upande wa pili."

Upande upi? Nageuka, bucha limeshakuwa stendi. Kile kifaa ambacho walinzi humpitishia mtu mwilini kutafuta chuma kimeegemea geti, kinavuta kamasi.

"Siku ile ulikuwa wapi?" nakiuliza.

"Hapahapa. Tatizo langu nalilia kila kitu. Funguo, nalia. Mkanda, nalia. Sufuria ya mama wa watu, nalia. Abiria wakanung'unika wanachelewa, basi nikazimwa."

"Nani aliamuru?"

"Hakuna. Walichoka na kelele."

Nikamtafuta aliyeamuru mpaka nyuma ya geti. Nilitaka sana awepo. Mkubwa ningemchukia vizuri, lakini kelele unazichukiaje?

Nakanyaga kitu laini. Stendi imekuwa mdomo wa Bi Zulekha, nimesimama juu ya ulimi. Jino la mwisho limejifunga kitambaa kichwani.

"Vua viatu," linasema.

Navua. "Siku ile bibi alikuwa wapi?"

"Kitandani. Nilimlaza mimi. Alinibana kwa karafuu, akalia hadi adhuhuri."

"Sasa mbona hamkusema?"

"Tumwambie nani? Wote walikuja wameshajibu."

Linatema karafuu kiganjani mwangu. Nakimbia pekupeku hadi kwenye mizani.

"Haya!" anafoka Shebe. "Na bomu lilitegwa na nani?"

"Sijui," inasema mizani. "Mimi napima kilicholetwa. Mtegaji hamjamleta. Mmeleta muuza mahamri."

Naweka karafuu. Mshale unaanza kupanda. Kabla sijasoma namba, nikaamka.

Kiganjani nina karafuu, imetafunwa nusu. Meno yangu ni mazima, na kwetu hata pilau hupikwa bila karafuu, mama hataki hata kuinusa.

Nikashika simu. Kwenye kundi la mtaa Shebe alikuwa ameandika: "Saa nne kwa Bi Zulekha. Msikose."

Nikaandika: "Kwani jino lake limepona?"

Kisha Maimuna, binti wa Bi Zulekha, ambaye hajaandika neno tangu siku ya bomu, akajibu: "Aling'oa wiki ile ile, shavu ndiyo kwanza linapungua. Lakini wewe habari za jino la mama umezitoa wapi? Hatukumwambia mtu."

Nikaona Shebe anaandika. Akaacha. Akaandika tena.

"Kwa Bi Zulekha imeahirishwa. Saa nne tukutane kwa huyu. Atueleze nani alimdokeza."

Nimekaa kitandani, nawasubiri. Karafuu ninayo, ila sijui nianzie wapi.