Batasema

“Usiangalie macho yake, shemeji,” Emérence alisema. “Angalia muguu.”

Nzanzu akaangalia mguu. Waya wa breki ya baiskeli, ule ambao wawindaji hutegea paa, ulikuwa umezama ndani ya nyama hata hauonekani tena. Kilichoonekana ni uvimbe na nzi. Mbwa mwenyewe alikuwa na rangi ya tofali lililochomwa, sikio moja limechanika. Hakubweka. Alikuwa amelala ubavu kando ya mihogo, nyuma ya nyumba ya mwisho ya Kithoma, akiwatazama kama mwenye nyumba anavyowatazama wageni waliochelewa.

Emérence alimtupia gunia kichwani, akapiga magoti juu ya ncha zake, akaanza kuongea naye. Maneno yake yalikuwa yale yale kwa kila mbwa, Kinande kidogo na Salamu Maria kidogo, kwa sauti ambayo huko nyumbani aliitumia kubembelezea watoto wa wengine. Nzanzu akaingiza koleo. Waya ukakatika. Mbwa alitetemeka mwili mzima, kisha akatulia, na mkojo wake ukalowesha kitenge cha Emérence.

“Iko nzito,” Nzanzu alisema walipompandisha juu ya chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili. Alimpapasa mbavu, akazipapasa tena.

Kithoma ilikuwa imekimbiwa tangu mavuno ya maharagwe. Mbwa wote waliowatoa huko kabla ya huyu walikuwa ngozi na mifupa, wengine hawakuweza hata kumeza. Huyu alikuwa amenona.

“Labda anakamata panya,” Emérence alisema.

“Labda.” Nzanzu akakaza kamba, akashika usukani wa mti, akaanza kusukuma bila kugeuka nyuma.

Ulikuwa mwaka ule ambao kila kundi la wanajeshi lilikuwa na herufi zake, na herufi zilibadilika kabla watu hawajazizoea. Waganda walikuwa wameondoka. Wengine walisema hawajaondoka. Waliopigana Jumatatu walionekana Alhamisi wakinywa pamoja. Watu wa upande wa msitu walishuka kwenye barabara ya Butembo na Beni na magodoro kichwani, wakalala katika masomo, yale madarasa ya shule ya parokia ya Mataba, madawati yakiwa ukuta kati ya familia na familia. Nyuma yao walikuja mbwa. Mbwa waliobaki vijijini walibaki kwa sababu walifungwa, au walikuwa na watoto wachanga, au hakuna aliyejua kwa nini.

Emérence alikuwa mjane wa Mataba, mpishi wa kasiksi, pombe ya ndizi iliyosifiwa hadi Maboya. Mbwa wa kwanza alikuja mwenyewe akalala mlangoni pake. Wa pili alimfuata wa kwanza. Baadaye alisikia kwamba wengine wanalia katika vijiji vitupu, akamwomba Nzanzu, mdogo wa marehemu mume wake, ambaye aliishi kwa kusukuma viazi na makaa juu ya chukudu, wapite huko siku ambazo barabara ilikuwa kimya. Wanawake wa kwaya walimletea ukoko wa fufu na vichwa vya ndagala. Hangari la zamani la kahawa likawa nyumba ya mbwa. Waliopona walichukuliwa na wakulima waliosumbuliwa na nyani. Padri alipomuuliza kwa nini anafanya kazi hiyo, ilhali watu wenyewe hawana chakula, Emérence alifikiri sana, akajibu, “Sijue, Padri. Zinakuja, njo nazipatia.”

Kasonia, kapita, yaani mkuu wa kijiji cha Mataba, alifika kesho yake asubuhi. Kofia alikuwa ameishika mkononi. Hivyo ndivyo alivyokuja kila alipokuwa na habari mbaya.

“Mama Emérence, batu bananisumbua.”

“Batu gani, chef?”

“Boote. Bale ba kwenye masomo, ba kanisa, hata basoda ba barrière. Banasema zile imbwa za Kithoma zilikula batu.”

Emérence alikuwa akisonga fufu la mbwa. Mwiko ukasimama.

“Nani aliona?”

“Hapana mutu aliona. Mais kule batu balikufa bila kuzikwa, weye mwenyewe unajua. Na imbwa zilibaki na njala. Donc?” Akasubiri. Kisha akaendelea kwa sauti ya chini. “Basoda banataka kuzipiga masasi. Nilibaambia hapana, batoto batashituka, bale batoto balisikia masasi ya kutosha. Njo tukasema dawa ya panya, siku ya soko. Zitalala tu.”

Macho yake yakamfikia mbwa mpya, aliyekuwa amelazwa juu ya gunia, mguu umefungwa kitambaa na majani ya dawa.

“Na hii,” Kasonia alisema taratibu, “iko na mafuta.”

Alipokwenda, Emérence alikaa. Lililomchanganya si kwamba watu wamesema uongo. Lililomchanganya ni kwamba hakuweza kusema ni uongo. Mkono wake ulikwenda kumpapasa mbwa kichwani, kama ulivyozoea, ukasimama hewani. Aliutazama ule mkono kama wa mtu mwingine. Kisha akaushusha, akampapasa, lakini kwa kujilazimisha, na mbwa alilijua hilo, maana alimtazama.

Mchana aliingia mwanamke uani bila kubisha. Alikuwa Mprotestanti, mmoja wa waliolala masomoni. Emérence alimfahamu kwa sura, hakujua jina. Alikuwa ameshika kitu ndani ya ncha ya kitenge chake, na namna alivyokishika ilionyesha kuwa ni jiwe.

“Njo hizi?” aliuliza. “Njo hizi imbwa zilikula batu ba kwetu?”

Kabla Emérence hajainuka, kule ndani ya hangari kitu kilianguka. Yule mbwa wa rangi ya tofali alikuwa amejitupa kutoka juu ya gunia lake. Alikuja kwa miguu mitatu, tumbo chini, akilia sauti ambayo Emérence alikuwa hajawahi kuisikia kwa mbwa yeyote, kama mlango mkavu unaofunguliwa kidogo kidogo. Akafika miguuni pa yule mwanamke, akaweka kidevu juu ya kidole chake kikubwa.

“Batasema,” mwanamke alisema.

“Balishaka sema, mama,” Emérence akajibu.

“Hapana. Njo jina yake.” Jiwe likatoka katika kitenge, likaanguka. Hakuna aliyelitazama. “Bwana yangu alimuita vile juu ya majirani. Tulikaa miaka bila mutoto, kila mutu iko na maneno. Abdias akanunua imbwa, akaiita Batasema, akakuwa anaiita na sauti kubwa asubuhi na mangaribi. ‘Batasema! Batasema!’ Majirani boote balikuwa banasikia.” Alitaka kucheka, uso ukakataa.

Aliitwa Hadassa. Siku ya kukimbia alitangulia na watoto, maana watoto hatimaye walikuja, wawili. Abdias alikuwa na goti bovu. Alisema atawafuata pole pole. Mbwa alibaki naye.

“Uliitosha wapi?”

“Nyuma ya nyumba ya mwisho, kando ya mihogo.”

“Njo kwetu pale.” Hadassa alishika mkono wa Emérence kwa nguvu. “Mulango ilikuwa namna gani?”

“Ilikuwa imefungwa. Na kamba.”

“Kamba ya inje ao ya ndani?”

Emérence akafungua mdomo. Aliuona mlango, aliiona kamba, ya mgomba, ya kahawia. Lakini kila alipojaribu kuiweka nje ilikwenda ndani, na akiiweka ndani inatoka nje.

“Sijue, mama. Nilikuwa naangalia muguu.”

“Kama ni ya inje, alitoka,” Hadassa alisema, polepole, kama anayemfundisha mtoto. “Kama ni ya ndani...” Hakumaliza. “Tuende. Imbwa itatuonyesha.”

Waliondoka kesho yake, umande ukiwa bado juu ya majani, Batasema juu ya chukudu kama mfalme mgonjwa, Nzanzu akisukuma, wanawake nyuma. Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, askari mmoja, kijana mwenye miwani ya jua, aliinua kamba bila kushuka kwenye kiti.

“Bozokende wapi?” aliuliza kwa Kilingala, akitaka kujua wanakwenda wapi.

“Kutafuta mihogo, mukubwa,” Nzanzu alisema.

“Na imbwa?”

“Iko inajua shamba.”

Askari walicheka. Kicheko chao hakikuwa kibaya. Hilo nalo lilimchanganya Emérence. Mmoja alimtupia Batasema kipande cha mkate.

Walipofika Kithoma, mlango wa nyumba ya Hadassa haukuwepo tena. Mtu alikuwa ameung’oa, kamba na vyote, labda kwa kuni. Hadassa alisimama mbele ya lile tundu akitazama pembeni mwa fremu, juu, chini, kama vile kamba ingeweza kuwa imeacha alama. Ndani kulikuwa na sufuria iliyopinduliwa na majivu. Hapakuwa na mtu.

Batasema hakuitazama nyumba. Aliruka chini kwa miguu mitatu, akapita katikati ya mihogo, wao wakimfuata huku majani yakiwapiga usoni, hadi kwenye miti michache ya kahawa mwisho wa shamba. Hapo alisimama.

Palikuwa na tuta la udongo. Juu yake, katikati, palikuwa na shimo dogo la mviringo, laini, lililochongwa na mwili wa mbwa aliyelala pale mara nyingi. Upande wa kichwani palikuwa na msalaba wa vijiti vya kahawa, vilivyofungwa kwa utepe wa nguo. Na upande wa chini udongo ulikuwa umefukuliwa, kwa kucha, kina cha mkono hadi kwenye kiwiko.

Kando ya tuta palikuwa na jembe. Hadassa aliliinua, akapitisha kidole juu ya mpini.

“Ni ya Abdias. Aliichonga mwenyewe.” Kisha, akiugeukia msalaba, “Sasa nani alimuzika?”

“Labda majirani,” Nzanzu alisema.

“Majirani gani? Tulitoka boote.” Aligeuza jembe mkononi. “Ao yeye njo alizika mutu.”

Alisema hivyo kwa mshangao, kana kwamba mtu mwingine amemnong’oneza. Akaweka jembe chini, akalala juu ya majani, sambamba na tuta, kichwa usawa wa msalaba, miguu imenyooka. Tuta liliishia kwenye nyayo zake.

“Abdias ananipita na kichwa nzima,” alisema, angali amelala, akitazama mawingu. “Iko mufupi, hii kaburi.”

“Mutu anaweza kukunjwa,” Nzanzu alisema, na mara ile ile akaweka mkono mdomoni.

Hadassa aliinuka. Alichukua jembe, akalipandisha juu ya bega. Batasema akapanda juu ya tuta, akajizungusha, akajilaza ndani ya shimo lake. Ng’ambo ya mto bunduki zikalia, mara chache, zikanyamaza, zikalia tena, karibu zaidi. Emérence alitaka kusema “tuende”, akataka kusema “chimba”. Jembe lilibaki juu.

Ndipo Hadassa akalishusha polepole, akavuta udongo, akaanza kufukia pale palipofukuliwa. Alifukia vizuri, akapigapiga kwa viganja. Mbwa alikataa kutoka; Hadassa alivua kitambaa chake cha kichwa, akamfunga shingoni, akamvuta mwenyewe.

Walipofika Mataba, Kasonia alikuwa ameketi nje kwake. Hadassa hakungoja kuulizwa.

“Chef, bwana yangu alizikwa. Hii imbwa ilikuwa inalala juu ya kaburi. Inalinda. Haikugusa mutu.”

“Uliona na macho yako?”

“Niliona.”

Kasonia akamgeukia Emérence. “Ni kweli, mama?”

Emérence alizitazama kucha za Hadassa, zilizojaa udongo. “Kaburi iko,” alisema. Zaidi ya hapo hakuweza.

Kapita akaivaa kofia yake. “Bon. Nitabaambia batu.”

Siku ya soko dawa ya panya haikununuliwa. Askari wa barrière walikuwa wamehamishwa, wakaja wengine wenye herufi nyingine, ambao hawakujua habari za mbwa. Watu wa masomoni hawakuwasamehe wale mbwa, ila hawakuwasema tena.

Hadassa hakufanya matanga. Mchungaji wake alimwuliza mara mbili kama waombe kwa ajili ya marehemu, akasema, “Tungoje kidogo.” Siku moja alivaa kitambaa cheusi, siku ya pili chekundu. Emérence aliwahi kumsikia akimwambia mtoto wake mdogo kwamba baba yuko njiani, ni lile goti. Na Jumapili ile ile akamsikia akimwambia mkubwa kwamba baba yuko kwa Mungu. Hakujua kama amkemee au amshike mkono. Alimshika mkono. “Wasingya,” Hadassa alisema, wala hakueleza anashukuru nini.

Lakini kila asubuhi alikuja hangarini, akaomba kumlisha Batasema mwenyewe.

Asubuhi moja Emérence alipanda kutoka mtoni na bidoni ya maji mgongoni, kamba ya kubebea imemkaa kwenye paji la uso. Ukungu ulikuwa bado chini. Alimwona Hadassa amechuchumaa kati ya nguzo za hangari, bonge la fufu kwenye sahani kando yake, mbwa mbele yake, akitikisa mkia. Kabla hajampa, Hadassa alimshika taya kwa mikono yote miwili, akampanua kinywa taratibu, akakigeuzia mwanga, akainama, akachungulia ndani. Alichungulia kwa muda mrefu. Mbwa alimwachia, mkia ukiendelea kutikisika. Kisha Hadassa akamfunga kinywa, akamfuta mate kwa ncha ya kitenge, akamsogezea sahani.

Emérence alibaki pale njiani, maji yakimtiririka mgongoni, asijue kama aendelee mbele au arudi mtoni.